Maombi 64, intavyuu sifuri: CV ya dada mmoja mhamiaji tuliyoifumua mstari kwa mstari

Dada mmoja alinitumia CV yake saa tano usiku na ujumbe mfupi tu, "Kaka, hebu niangalizie, maombi 64 na hamna hata mmoja aliyeniita, nina tatizo gani mimi?" Nikaifungua kwenye simu nikaanza kusogeza, nikasogeza, nikasogeza, kurasa tano. Ukurasa wa kwanza kuna picha yake amevaa koti jeusi, chini yake tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, namba ya pasipoti, halafu shule ya msingi. Kazi yake ya kwanza inaanza kuonekana katikati ya ukurasa wa tatu. Na huyu ni mtu mwenye miaka tisa kwenye stoo kubwa, sita kati ya hiyo akiwa msimamizi.

Kaniruhusu nikieleze kisa chake ilimradi nisimtaje, na nchi aliyohamia siitaji pia, maana nikiitaja tu nusu yenu mtasema "aah, huku kwetu siyo hivyo" mkaacha kusoma. Ni moja ya zile nchi ambazo CV inaandikwa kwa Kiingereza, ukurasa mmoja au mbili, bila picha. Mistari ya CV yake nitaiweka kwa Kiswahili hapa ili tuelewane.

Kwanza tukafanya kile ambacho kila mtu angefanya, tukafyeka. Picha, dini, ndoa, watoto, pasipoti, shule ya msingi, vyote nje. Siyo kwamba ni vitu vibaya, ila Marekani kwa mfano ubaguzi kazini wa rangi, dini na jinsia umepigwa marufuku tangu sheria ya 1964, na wa umri kwa watu wa miaka 40 kwenda juu tangu ile ya 1967, Uingereza nao wana sheria yao ya usawa ya 2010, kwa hiyo mtu wa HR, yaani idara ya wafanyakazi, akiona picha na tarehe ya kuzaliwa hafurahi, anaona mtego, maana kesho ukikosa kazi unaweza kusema ulinyimwa kwa sababu ya sura yako au umri wako. Bora asijue. Lakini usiichukue hii ukaenda nayo kila nchi: Ujerumani watu wengi mpaka leo wanaweka picha ingawa tangu sheria yao ya 2006 dhidi ya ubaguzi mwajiri hatakiwi kuidai, Japani wana fomu yao inaitwa rirekisho yenye kisanduku cha picha kabisa, na Umoja wa Ulaya wana Europass, kiolezo chao cha CV cha mtandaoni kilichotengenezwa upya 2020. CV moja ya kufaa dunia nzima hamna, anayekuuzia hiyo anakuibia.

Namba ya pasipoti ndo sitaki hata kujadili. Hiyo anapewa mwajiri ukishapata kazi, siyo tangazo umelikuta mtandaoni hata hujui nani yuko nyuma yake.

Wadhamini nao walikuwa wamejaza ukurasa wa tano mzima, na vyeo vyao, masanduku yao ya posta na namba zao za simu. Nje. Wakiwahitaji watawaomba, na ule mstari wa "wadhamini watatolewa wakiombwa" nao ni nafasi ya bure, kila mtu anajua watatolewa.

Tarehe alikuwa anaandika 03/04/2019, ambayo Mmarekani anasoma Machi 4 na Mwingereza anasoma Aprili 3. Tukaandika mwezi kwa jina na mwaka, yakaisha.

Kwenye kompyuta sasa. Mnajua kampuni nyingi maombi yanaingia kwenye programu inayoisoma CV na kuigawa kwenye visanduku, jina hapa, kazi pale. Kuna namba inazungushwa mtandaoni eti programu hizi zinatupa asilimia 75 ya CV kabla binadamu hajaziona, hiyo namba haina utafiti wa maana nyuma yake, kwa sehemu kubwa programu inapanga tu na binadamu ndo anakataa. Ila kusoma vibaya inaweza. Nikamwambia afanye jaribio la bure: nakili CV yote, ibandike kwenye Notepad, ile programu ya maandishi matupu, soma kinachotoka. Kikatoka uji! Alikuwa ametumia kiolezo kizuri cha safu mbili chenye jedwali na vibox vya nyota za ujuzi, sasa ilipobandikwa safu ya kushoto ikachanganyika na ya kulia, mwaka wa chuo ukaangukia kwenye kazi, na jina lake na namba ya simu havikuwepo kabisa, kwa sababu alikuwa ameviweka kwenye heda, ile sehemu ya juu kabisa ya ukurasa ambayo baadhi ya programu haziisomi. Na hiyo namba yenyewe ilikuwa bado ni ya nchi aliyotoka. Yaani mwajiri apige simu ya kimataifa kumuita mtu kwenye kazi ya stoo, wapi.

Tukahamia safu moja, fonti ya kawaida, vichwa vya kawaida, namba ya huku, imeili yenye jina lake badala ya lile jina la utani. Kurasa mbili. Mi nikajiona fundi. Akatuma maombi 15 mengine.

Kimya.

Wiki tatu kimya, na hapo ndo nikaanza kuona aibu, maana ushauri wote niliompa ni ule ambao angeupata popote kwa dakika mbili. Nikaichukua CV nikaisoma upya, safari hii nikijifanya ni meneja wa ghala ambaye hajawahi kukanyaga nchi aliyotoka huyu dada, ana CV 80 mezani na dakika 20. Na kazi yake kubwa, ile ya miaka sita, ilikuwa imeandikwa hivi:

"Afisa Msaidizi Daraja la Pili (Bohari). Kusimamia stoo na kuhakikisha bidhaa zinatunzwa vizuri na kwa wakati. Kuandaa ripoti. Kusimamia wafanyakazi walio chini yangu. Kufanya kazi nyingine yoyote niliyopangiwa."

Jina la kampuni juu yake. Sasa mtu wa alikotoka akiliona jina la ile kampuni anajua papo hapo, aah, pale kubwa, pale hawachezi, ukiwa msimamizi pale miaka sita wewe ni mtu. Lile jina kule linafanya nusu ya kazi ya CV nzima. Huku ni herufi tu. Meneja hajui kama hiyo stoo ni kontena moja nyuma ya duka au ni ghala la malori 15 kwa siku, hajui "Daraja la Pili" ni juu au chini ya la kwanza, na neno "Msaidizi" kwake ni mtu anayebeba mafaili. Kwa hiyo anachukua dhana ya chini kabisa, ambayo ndo salama kwake, na kusogea kwa CV inayofuata. Dada alikuwa na uzoefu tele, ila kila kitu alichoandika kilikuwa kimepimwa kwa ratili ambayo msomaji hanayo.

Nikampigia, nikamwambia kaa na kalamu. Tulikaa saa mbili kwenye simu na mazungumzo yalikuwa kama mahojiano ya polisi.

Chini yako walikuwa wangapi? "Mwanzo sita, mwishoni 11." Mbona hujaandika? "Si nimesema wafanyakazi walio chini yangu?" Aina ngapi za bidhaa? Akacheka, "Kaka nani anahesabu hizo." Wewe ndo ulikuwa unahesabu, ndo kazi yako. Akanyamaza kidogo, "kama 3,400 hivi." Malori? "Tisa siku mbaya, 15 siku nzuri." Kampuni yenyewe inafanya nini? "Inasambaza dawa na vifaa vya hospitali, si inajulikana." Haijulikani dada. Haijulikani huku kabisa.

Halafu nikamuuliza swali ambalo sasa nauliza kila mtu: ulipoingia hapo kitu gani kilikuwa kimeharibika, na ulipoondoka kilikuwaje? Akasema ah, hamna. Nikasubiri. Baada ya muda akaanza, unajua tulivyokuwa tunafunga stoo siku tatu kila mwisho wa mwaka kuhesabu kila kitu, na kila mara vitu havilingani, kwenye kompyuta kipo kwenye rafu hakipo, kwa hiyo mimi nikaanza kuwapangia vijana wahesabu rafu chache kila wiki, zile za dawa ghali mara nyingi zaidi, na tukikuta tofauti tunaitafuta siku hiyohiyo kabla watu hawajasahau. Tofauti ikatoka kama bidhaa 7 kwa kila 100 ikafika chini ya 2, na mwaka wa tatu tukaacha kufunga stoo. Mkaguzi aliandika kwenye ripoti yake.

Nikamwambia rudia hiyo. Kitu hicho alichojibunia mwenyewe kina jina lake kwenye fani, kuhesabu kwa mzunguko, na tulipofungua matangazo kumi ya kazi za ghala tukayaweka pamoja tuone maneno gani yanajirudia, lilikuwepo kwenye saba. Saba! Alikuwa ameifanya kazi wanayoitafuta kwa miaka sita na kwenye CV yake kurasa zote tano hamna neno moja linaloihusu.

Ile sehemu ikawa hivi:

"Msimamizi wa ghala (cheo rasmi: Afisa Msaidizi Daraja la Pili, Bohari). Kampuni ya kusambaza dawa na vifaa vya hospitali, wafanyakazi wapatao 140, matawi 4. Niliongoza watu 11 kwenye ghala lenye aina 3,400 za bidhaa, malori 9 hadi 15 kwa siku. Nilianzisha kuhesabu kwa mzunguko kila wiki. Tofauti ya stoki ilishuka kutoka takriban 7 hadi chini ya 2 kwa kila bidhaa 100 ndani ya miaka miwili na nusu, na kampuni ikaacha kufunga ghala siku tatu kila mwaka."

Cheo rasmi tulikiacha makusudi. Kuna watu wanabadilisha cheo kabisa wakaandika "Meneja", halafu mwajiri akipiga simu kuthibitisha HR ya kule inasema hatujawahi kuwa na meneja wa jina hilo, na kazi imeondoka na sifa yako imeondoka nayo. Kieleze, usikibadilishe. Namba pia ni hivyohivyo, weka ile unayoweza kuitetea ukiulizwa, na kama unakisia andika "takriban" na uwe unajua ulikisiaje.

Foklifti ilileta ubishi. Alikuwa na cheti cha alikotoka na alikiandika kama leseni kamili. Cheti cha nje mara nyingi hakikuruhusu kupanda mashine moja kwa moja, Marekani kwa mfano sheria inamtaka mwajiri mwenyewe ahakikishe umefundishwa na kupimwa, na upimwe tena angalau kila baada ya miaka mitatu. Tukaandika "miaka 4 ya kuendesha foklifti, tayari kupimwa kwa viwango vya hapa", na meneja anayejua kazi akiona hivyo anajua unaelewa taratibu.

Shahada yake tulisubiri. Kuna taasisi za kulinganisha elimu ya nje na ya ndani, WES huko Amerika Kaskazini, UK ENIC Uingereza, na kwa nesi, daktari, mwalimu, mhandisi, hiyo pamoja na usajili wa bodi ndo hatua ya kwanza, usianze hata kupamba CV kabla hujaijua. Kwake yeye kazi ya ghala haidai usajili wowote, kwa hiyo tukaandika shahada kama ilivyo, tukaondoa "daraja la pili la juu" maana huku halimwambii mtu kitu, tukaendelea.

Sasa ubishi mkubwa. Alikuwa na tundu la miezi 14, kuanzia alipoacha kazi mpaka sasa, na ndani ya hilo tundu kuna kitu alikuwa anakificha: miezi mitano alikuwa anafanya usafi wa maofisi usiku. Hakuiandika popote. "Kaka, nina shahada, nimesimamia watu 11, niandike nafagia?" Namuelewa kabisa, na sikutaka kujifanya sijui inauma. Lakini angalia kwa upande wa pili. Mwajiri anaona mtu hana kitu kwa mwaka na zaidi, anajiuliza ana kibali cha kazi? Atazoea? Nani wa hapa anamjua? Ule usafi unajibu maswali yote matatu kwa mstari mmoja. Waajiri wana tabia ya kudai uzoefu wa hapahapa hata pale ambapo hauna maana, mpaka jimbo la Ontario huko Kanada tume yao ya haki za binadamu ilitoa sera dhidi ya tabia hiyo 2013, na kuanzia Januari 2026 waajiri wa watu 25 kwenda juu hawaruhusiwi kuweka sharti la uzoefu wa Kanada kwenye matangazo ya wazi. Sehemu nyingi hamna kinga kama hiyo, kwa hiyo unatumia ulichonacho.

Tukaandika mstari mmoja, hamna maelezo, hamna kujitetea: "Usafi wa maofisi, shifti ya usiku, miezi 5, sikukosa shifti hata moja." Juu yake mwaka wa kuhama ukaandikwa kama kuhama, basi, siyo siri.

Kuna watu walikuwa wamemshauri kinyume chake, aondoe shahada na usimamizi wote abaki mbeba mizigo ili asionekane mkubwa kuliko kazi. Alijaribu kwenye maombi sita bila kuniambia. Akaitwa na mmoja, na kwenye simu akaulizwa "sasa hiyo miaka tisa ulikuwa unafanya nini?" akababaika, ikaisha. Mimi sikatai kupunguza, tukiomba kazi ya chini tunapunguza mistari ya uongozi tunaongeza ya mikono, lakini ukifuta maisha yako yote lazima ujaze tundu na uongo, na uongo ni mgumu kuukumbuka kwenye intavyuu.

Na jina. Aliniuliza kwa sauti ya chini, nibadilishe jina? Siyo swali la kipuuzi. Marekani, watafiti wawili, Bertrand na Mullainathan, walichapisha utafiti 2004, walituma CV za kubuni karibu 5,000 Boston na Chicago, mwenye jina linalosikika la kizungu alihitaji kutuma kama 10 apate simu moja, mwenye jina linalosikika la Mmarekani mweusi kama 15. Toronto nako mtafiti mwingine, Oreopoulos, akakuta jambo la aina hiyo kwa majina ya Kichina, Kihindi na Kipakistani, hata pale ambapo elimu na uzoefu wote ni wa Kanada. Kwa hiyo jina linapunguza simu, anayesema ni mawazo yako tu anakudanganya. Ila jina la kwenye CV lazima baadaye lioane na vyeti, benki, kibali, na kubadili jina au kutobadili ni jambo ambalo mi siwezi kumuamulia mwenzangu. Alikuwa na majina matatu, akabakiza mawili anayopenda kuitwa. Uamuzi wake.

Toleo hili la tatu alilituma maombi 22, na kila ombi tulikuwa tunagusa mistari mitatu minne ya juu ifanane na tangazo, kama nusu saa kwa kila moja, siyo ile ya 64 kwa wiki mbili. Simu nne, intavyuu mbili. Kwenye ya pili meneja hakuuliza "jieleze" wala nini, aliweka kidole kwenye ule mstari wa 7 hadi 2 akasema hebu niambie mlifikaje hapo, na dada akaongea dakika kumi bila kupumua kuhusu rafu za dawa ghali. Wakaomba mdhamini wa hapa. Aliyekuwepo ni mmoja tu, supavaiza wa usafi, yule wa usiku.

Akapata. Karani wa stoki, ngazi moja chini ya alipokuwa, tena kwa mkataba wa miezi sita. Sijui niite ushindi au nusu, yeye alilia kwa furaha halafu wiki ya pili akanipigia analalamika kwamba wanahesabu vibaya.

Sasa wamemuongezea mkataba na kuna nafasi ya usimamizi imetangazwa palepale ndani. Jana kanitumia toleo la nne, ukurasa mmoja na nusu. Ule mstari wa usafi kauacha. Nilimwambia sasa unaweza kuutoa kama nafasi inabana, akanijibu, "Kaka, huo uache hapohapo."